Mzee anateleza, anajikwaa, anapapasa ukuta: kasoro za nyumba na namna ya kuzitafuta

Simu za aina hii huongezeka wiki ya kwanza ya Januari. Watoto wamekuja Moshi kula sikukuu, wamelala nyumbani siku nne tano, wamemwona mama akitoka bafuni anapapasa ukuta, na sasa wako kwenye basi la kurudi Dar es Salaam roho juu. "Fundi, pita pale nyumbani umwangalie mama. Chochote kinachohitajika, weka." Basi halijafika Korogwe, hela ya tailizi imeshaingia.

Tailizi ndizo nisizozitaka. Mimi ni fundi ujenzi. Kazi zangu ziko Pasua, Majengo, Rau na huko juu Uru na Kibosho, na kwenye nyumba za wazee kazi yangu kubwa imekuwa kuondoa, kukwaruza au kushusha kitu kizuri ambacho mtoto alimletea mzazi kwa mapenzi: marumaru za kujionea uso, godoro la inchi 10 juu ya kitanda kirefu, zulia lisilotulia, kochi la kuzama. Nyumba aliijenga mwenyewe akiwa na miaka 40, anashuka na kupanda kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, na mkungu wa ndizi kichwani. Sasa ana 80 na nyumba ni ileile.

Nimepanga kwa malalamiko, kama ninavyoyasikia. Chini ya kila lalamiko nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, kisha nikashuka hadi zile za nadra. Fuata mpangilio huo, usiruke hadi kubomoa. Na kama mzee yuko sakafuni sasa hivi unaposoma, nenda moja kwa moja kwenye kichwa "Ameshaanguka", haya mengine yatasubiri.

Kabla ya yote, soma ukuta

Usimuulize mzee kama huwa anaanguka. Atasema hapana. Bibi mmoja wa Rau, goti lina kidonda kibichi, alinijibu: "Sijaanguka, mwanangu. Niliketi tu, kiti ndicho hakikuwepo." Anajua akikiri, kitakachofuata ni kuhamishiwa Dar ghorofani, hakuna kuku, hakuna mgomba, hakuna jirani wa kuongea naye kilugha.

Kwa hiyo nilimwomba maji ya kunywa, nikaingia bafuni peke yangu, nikawasha tochi ya simu na kuilaza sambamba na ukuta. Ukimulika hivyo unaona mahali rangi imeng'aa na kuingia weusi wa mafuta ya viganja. Palikuwa na sehemu tatu. Moja kwenye fremu ya mlango, usawa wa kiuno. Ya pili juu ya tangi la choo. Ya tatu ilikuwa chini kabisa, sentimita 40 hivi kutoka sakafuni, pembeni mwa tundu la maji, na ilikuwa nyeusi kuliko zote. Pale chini hapashikwi na mtu anayetembea. Hushikwa na anayejiinua kutoka sakafuni, na doa lile halikuwa la siku moja.

Zungushia kila doa alama ya penseli kabla mtu hajalipiga rangi. Vishikio vitakaa hapo, si pale picha za intaneti zinapoonyesha.

Anateleza bafuni au chooni

Hili ndilo lalamiko namba moja, na sababu zake huwa zinakuja mbilimbili, kwa hiyo usisimame kwenye ya kwanza.

*Maji yanatuama.* Mwaga ndoo ya lita 10, subiri dakika 5, halafu angalia. Kukibaki dimbwi, fungua kwanza kifuniko cha tundu. Mara nyingi ni nywele, vipande vya sabuni na dodoki lililokatika. Dimbwi likibaki hata baada ya kuzibua, sakafu haina mteremko. Inatakiwa ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Hilo linarekebishwa kwa kumwaga sakafu mpya juu ya ile ya zamani, si lazima ubomoe yote.

*Utando wa sabuni.* Pitisha ukucha sakafuni. Ukirudi na uji mweupe, umepata jibu. Sugua kwa brashi ngumu, sabuni ya unga na maji ya moto, kila wiki. Usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi ili "ing'ae zaidi": hewa inayotoka hapo inaunguza mapafu, na bafu zetu nyingi zina kidirisha cha ukubwa wa daftari.

*Ndara.* Zigeuze. Soli ikiwa laini kama sabuni iliyotumika, tupa leo, usimpe dada wa kazi. Mnunulie zenye meno chini na mkanda wa nyuma ya kisigino. Soko la Mbuyuni zipo tele. Hakuna tengenezo la bei ndogo kuliko hili kati ya yote ninayoandika hapa, na ndilo wateja wangu hulidharau kwa sababu halina risiti nzito.

*Sakafu yenyewe.* Hapa nitajisema mwenyewe. Bafu la mama yangu nililipiga niru, yaani saruji ya kulainishia, kwa mkono wangu, nikaikandamiza kwa mwiko wa chuma hadi ikang'aa, majirani wakaja kuiona. Masika iliyofuata mama aliteleza akavunjika kifundo cha mkono. Niru ikiwa kavu haina neno. Ikilowa na ikipata sabuni, ni barafu. Niliikata mistari kwa grenda, kila baada ya sentimita 3, nikipishanisha urefu na upana, na mpaka leo inashika. Ukimwaga sakafu mpya, malizia kwa mwiko wa mbao, au ipitishie ufagio wa chelewa kabla haijakauka.

Kama lazima iwe tailizi, usichague kwa macho. Dukani omba kipande, kimwagie maji, kikanyage na ndara ileile ya mzee na usukume mguu. Tailizi ndogondogo ni bora kuliko kubwa kwa sababu viungo vingi vya saruji kati yake vinashika unyayo. Ukipata zenye uso wa mchanga, chukua hizo hata kama rangi yake haikupendezi. Mikeka ya mpira yenye vikombe vya kunyonya hushika kwenye tailizi laini tu. Ukiiweka juu ya saruji ya kukwaruza inatembea. Taulo la kukanyagia nalo ni mtego, liondoe.

*Hana pa kushika, au anashika kisichoshikika.* Tikisa sinki. Tikisa chuma cha taulo. Kikicheza, ujue mzee anakitegemea na kinaelekea kung'oka. Kishikio cha kweli nakitengeneza kwa bomba la chuma la GI la inchi 1, ambalo kwa nje lina milimita 33 hivi, kiganja kinalizunguka vizuri hata chenye baridi yabisi. Acha sentimita 4 kati ya bomba na ukuta ili vidole vipite lakini mkono mzima usizame. Urefu kutoka sakafuni ni sentimita 80 hadi 90 kwa anayetembea, ila alama za penseli ndizo zinazoamua. Kwa bibi wa Rau niliweka cha tatu kilichosimama wima karibu na tundu la maji, kikianzia chini kabisa, nikijua vizuri ni cha nini. Hakuniuliza, nami sikumweleza.

Shida iko kwenye ukuta. Fisha ya plastiki ndani ya plasta, au ndani ya tofali la bloku lenye matundu, inachomoka siku ile ile mzigo wa kweli unapokuja. Toboa mpaka upande wa pili, pitisha bolti, weka bamba la chuma nyuma kisha kaza nati. Ukimaliza, kining'inie mwenyewe kwa uzito wako wote. Kama unaogopa kukining'inia, usimwachie mzee.

*Choo kiko chini mno.* Choo cha kukaa cha kawaida kina kama sentimita 40. Kwa magoti mabovu 45 hadi 48 ni nafuu. Inua kwa kujenga tako la zege chini yake, au nunua kiti cha plastiki cha kuongeza juu. Kwa choo cha kuchuchumaa, seremala yeyote anatengeneza kiti cha mbao chenye tundu. Mwambie atanue miguu yake, asifuate tu umbo la kigoda.

Na mlango. Ukifunguka kwa ndani, mtu akianguka nyuma yake huwezi kuusukuma bila kumburuta. Ugeuze ufunguke kwa nje. Ondoa komeo la ndani, weka kitasa kinachoweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu.

Acha na uite fundi mwenye uzoefu ukiona ukuta una ufa wa kupitisha sarafu, ukuta ni wa udongo au wa miti, au hujui bomba na nyaya za hita zinapita wapi kabla ya kutoboa.

Akigusa bomba, maji yanamng'ata

Huo ni umeme unaovuja, na hili halina hatua za kujaribu. Zima meni swichi, usiruhusu mtu yeyote kuoga humo, na uite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Usimwite kijana anayejua kuunga waya.

Mpaka afike, unaruhusiwa kuangalia bila kugusa: je, nje karibu na mita kuna nondo iliyochimbiwa ardhini yenye waya? Waya huo haujakatika au kuoza? Nyumba nyingi za zamani hazina arthi (nondo hiyo na waya wake) inayofanya kazi, na hita ya shawa iliyofungwa juu yake ni hatari iliyotundikwa kichwani. Sababu nyingine ni hita yenyewe kuchoka ndani, au kuungwa kwa waya mwembamba wa taa. Fundi akija, mwagize afunge na kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliamp 30. Sakiti breka ya kawaida inalinda nyaya zisiungue. Mtu haimlindi.

Kwa sasa achemshiwe maji. Kwenye ndoo tangulia maji ya baridi ndipo ya moto, kwa sababu ngozi ya mzee inaungua haraka kuliko anavyohisi, hasa mwenye kisukari ambaye nyayo zimeshakufa ganzi.

Anajikwaa usiku

Nenda saa nane usiku. Nasema kweli: lala pale siku moja, amka saa nane, tembea kutoka kitandani kwake hadi chooni bila simu mkononi. Kasoro utakazozikuta zitakuwa karibu katika mpangilio huu.

Swichi iko mlangoni, kitanda kiko upande wa pili. Anavuka chumba kizima gizani ili awashe taa. Suluhisho la haraka ni taa ndogo ya sola au ya betri kwenye kona ya kitanda, ile inayowaka mtu akipita. Ninaipenda kuliko ya umeme kwa sababu luku nayo ina tabia ya kuisha usiku. Ukiwa na hela zaidi, fundi umeme aweke swichi ya pili ubavuni mwa kitanda.

Kuna kitu njiani. Waya wa ekstensheni, pindo la zulia, viatu, ndoo, stuli, mbuzi wa kukunia nazi aliyesahauliwa. Zulia dogo liondoe kabisa. Kulipigilia misumari ni kubadilisha aina ya kujikwaa.

Kitanda hakimfai. Mketishe pembeni: nyayo zote zikanyage sakafu na magoti yawe usawa wa nyonga au chini kidogo. Zikining'inia, kata miguu ya kitanda au rudisha godoro la zamani. Kwa seremala ni kazi ya nusu saa, lakini kuna nyumba niliyobishana na mtoto wa mzee kwa wiki mbili kwa sababu kitanda kilikuwa cha mninga.

Kizingiti. Nyumba zetu zina vizingiti vya sentimita 3 hadi 5 kila mlango. Kinachoweza kuondolewa kiondoe. Kisichoweza, kijengee mteremko pande zote mbili na ukipake rangi isiyofanana na sakafu.

Choo kiko nje. Kwa nyumba za kihambani hii ni kawaida, na hakuna taa itakayofanya njia ya migombani iwe salama saa nane usiku wa mvua. Kopo lenye mfuniko au kiti chenye ndoo chumbani. Wazee wa kiume hukataa kwa aibu. Usilifanye mjadala wa familia, liache tu pale jioni na ulitoe asubuhi kimya.

Macho. Sakafu ikiwa safi na bado anajikwaa mchana, mpeleke akapimwe mtoto wa jicho na presha ya macho. Hospitali ya KCMC ina idara ya macho. Na kama amepewa miwani ya sehemu mbili, ya kusomea kwa chini na ya kuonea mbali kwa juu, afundishwe kuinamisha kichwa anaposhuka ngazi, vinginevyo anaitazama ngazi kupitia kioo cha kusomea na inaonekana ilipo sipo.

Hapa kuna mpaka wangu. Akisema anaona giza au kizunguzungu kila anaposimama, huyo hana tatizo la sakafu. Inaweza kuwa presha kushuka anapoinuka, dawa, sukari au maji kupungua mwilini. Kwa muda aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja mbili kabla ya kusimama, na aende hospitali na mfuko wake wote wa dawa, zikiwemo za miti shamba. Vivyo hivyo akiwa anaamka kukojoa mara nne tano: inaweza kuwa kisukari, tezi dume, maambukizi, au kidonge cha kushusha maji anachokunywa jioni badala ya asubuhi. Usimpunguzie wala kumsimamishia dawa ya presha kwa akili yako.

Anashindwa ngazi za barazani, au njia ya nje inamwangusha

Chukua futi upime kila ngazi peke yake. Sababu ya kwanza si urefu, ni kutolingana. Mara nyingi ngazi ya mwisho kabisa ndiyo mbaya, kwa sababu ua umeliwa na mvua au umejazwa moramu tangu nyumba ijengwe. Mguu umezoea sentimita 17, 17, 17, halafu unakuta 24. Tofauti ya sentimita 2 inatosha kumyumbisha. Jaza au chimba pale chini hadi zote zilingane. Kimo kizuri ni sentimita 15 hadi 18 na kina cha kukanyagia kisipungue 28.

Kisha paka ukingo wa kila ngazi mstari mweupe au wa njano, ukinyunyiza mchanga mkavu juu ya rangi kabla haijakauka. Weka mkono wa bomba pande zote mbili. Upande mmoja hautoshi, mkono mzuri wa kupandia ndio mbaya wa kushukia.

Watu huniomba mteremko badala ya ngazi. Sawa, ila hesabu: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Baraza la sentimita 45 linahitaji mteremko wa karibu mita 5 na nusu, na viwanja vya Majengo havina nafasi hiyo. Mteremko mfupi mkali, masika ikishuka, ni sehemu ya watoto kuserereka. Bora ngazi fupi nyingi zenye pa kushika.

Kwenye njia ya udongo mwekundu, kati ya Machi na Mei, usimwage zege laini. Kata mfereji mdogo pembeni maji yasipite njiani, mwaga moramu, shindilia, mwaga tena. Palipo na zege au mawe ya zamani yaliyoota ukijani, sugua kwa brashi ya waya. Kibao cha kuvukia mfereji kiwe na upana wa nyayo mbili na kipigiliwe vipande vya mbao kwa kukingama. Na majani ya migomba yaliyolala njiani yaokotwe kila siku. Yakilowa hayana tofauti na ganda la ndizi.

Hainuki kwenye kochi

Kochi limezama. Inua miguu yake kwa vipande vya mbao vilivyochimbwa kidogo ili visihame, weka ubao chini ya mto. Au mwachie kiti chake cha zamani cha mikono, kile mlichokipeleka stoo.

Wakati wa baridi anaamka na kichwa, kichefuchefu, mwili hauna nguvu

Kuanzia Juni hadi Agosti huko juu Machame, Kibosho na Marangu baridi inauma, na jiko la mkaa linaingizwa chumbani. Swali la kwanza: je, na wengine waliolala nyumba ile wana kichwa? Na wakikaa nje saa moja wanapata nafuu? Ukijibiwa ndiyo, usitafute malaria kwanza. Ni hewa ya mkaa, kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Watu hudhani hatari ni moshi, kwa hiyo wanasubiri mkaa ushike vizuri, uwe mwekundu, ndipo waingize. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa hewa hiyo, na kwenye chumba kilichozibwa madirisha inaua waliolala.

Toa watu wote nje, fungua milango, na aliyechanganyikiwa, anayetapika au asiyeamka apelekwe hospitali mara moja hata akisema amepona. Jiko halirudi ndani tena. Blanketi la pili, soksi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Jiko la kuotea libaki jikoni penye uwazi, na mzee atolewe hapo kabla hajasinzia.

Harufu ya gesi, au anasahau jiko

Ukisikia harufu usiwashe wala usizime swichi yoyote, hata ya taa. Funga mtungi, fungua milango, toka, kisha ukiwa nje piga simu Zimamoto, 114. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inalala chini sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi.

Harufu ikishaisha na umepewa ruhusa, kagua hivi: mara nyingi ni mpira uliochakaa au kufungwa vibaya pale kwenye regileta. Paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, ndipo panapovuja. Usijaribu kwa kiberiti. Mpira badilisha. Mtungi wenyewe ukivuja kwenye koki, urudishwe kwa wakala, usiukaze kwa spana.

Akiwa anasahau jiko tu, jaribu saa ya jikoni inayolia, na kitenge kirefu kikunjwe kabla ya kukaribia moto. Akisahau mara kwa mara, mtungi ufungwe mchana na mtu mwingine apike. Hilo ni gumu kwa mama aliyelisha watu miaka 60. Mwachie kuchambua mboga na kumenya ndizi akiwa ameketi, jikoni humo humo, aongoze mapishi kwa mdomo.

Anatoka usiku, hajui aendako

Kama limeanza ghafla, ndani ya siku moja mbili, ni ugonjwa mpaka hospitali iseme vinginevyo: maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, sukari kushuka, kipigo cha kichwa wiki iliyopita. Kama limekuja polepole kwa miezi, bado apimwe, lakini na nyumba ifanyiwe kazi: kengele ndogo mlangoni, komeo la geti lishushwe au lipandishwe mahali asipopazoea, kisima na shimo la maji vifunikwe kwa mfuniko mzito.

Usimfungie chumbani kwa kufuli la nje. Moto ukitokea hatatoka.

Ameshaanguka

Usimnyanyue haraka. Hamu ya wote waliopo itakuwa kumsimamisha, kwa huruma. Mwache alipo, mfunike, ongea naye.

Mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, au akilia mkigusa nyonga, chukulia nyonga imevunjika. Asivutwe, asikandwe, asichuliwe na mafuta, na asipelekwe kwanza kwa mtaalamu wa kuunga mifupa wa kijijini. Asile wala kunywa, huenda akahitaji upasuaji. Mlazeni kwenye mlango uliong'olewa au ubao mpana, mguu ukiegemezwa mito pande zote mbili, gari lije mpaka karibu. Aende hospitali ya Mawenzi au KCMC siku hiyohiyo.

Hospitali mara moja pia akiwa amegonga kichwa na anatumia dawa za kuyeyusha damu, hata kama anacheka. Akizimia, akitapika, akisinzia kusiko kawaida. Au mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea, maneno hayatoki. Huyo wa mwisho huenda hakuanguka kwa sababu ya sakafu: kiharusi kimemwangusha, na kila dakika ina thamani. Kumbuka saa mliyomwona mzima mara ya mwisho, daktari ataiuliza.

Kama hana maumivu makali na anaweza kusogea, leta kiti kigumu. Ajigeuze ubavu, apige magoti, ashike kiti, aweke mguu wenye nguvu mbele, ajiinue mwenyewe, wewe ukiwa nyuma yake na kiti cha pili.

Simu inaita, haipokelewi

Mara nyingi simu iko sebuleni kwenye chaji na yeye yuko kwenye kuku. Au mlio umeshushwa na mjukuu aliyecheza nayo. Au hasikii vizuri, na nta imejaa sikioni. Nunua simu ya vitufe yenye mlio mkubwa, ishonewe mfuko wa kitambaa wa kuning'iniza shingoni, aingie nao mpaka bafuni. Kubalianeni saa, tuseme saa moja asubuhi na saa mbili usiku.

Halafu peleka ufunguo wa akiba kwa jirani anayeweza kufika kwa miguu. Bibi wa Rau alichagua mwenyewe: alimpa mama wa duka la pembeni, ambaye asiposikia redio ya bibi mpaka saa mbili asubuhi huvuka barabara kwenda kuangalia.